Msumari wa Nyonga ya Kulia

Kama umekaa kwenye benchi la hospitali sasa hivi, na pembeni yako kuna ndugu anayejibu maswali yako kabla hujafungua mdomo, mfukuze. Mtume akanunue maji, mtume akachaji simu, mtume popote. Mimi wangu sikumfukuza, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Ugonjwa unavyoingia mwilini sitaeleza, wenye makoti meupe wapo, wakipata nafasi watakuambia. Nitaeleza nilivyofanywa mimi, na alivyofanywa mama mkwe wangu kwa sababu ya mguu wangu. Anayetafuta maneno matamu aangalie kwingine, mimi bado nina hasira na sijaona faida ya kuificha.

Naitwa Kabula. Nashona nguo Bariadi mjini, kwenye kibaraza karibu na soko, na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Mguu wa kulia ndio unaonilisha. Ulianza kuuma wakati wa palizi ya pamba, na uliuma gotini, kwa ndani, hasa nikikanyaga cherehani asubuhi. Nikaenda hospitali. Nikasema goti, wakapiga picha ya goti, wakaniambia goti ni zima, nipunguze uzito. Nikapewa vidonge vya maumivu. Nikarudi, nikapewa vingine. Mara ya tatu daktari hakuinua hata macho, alikuwa anaandika tu, akaniuliza kama nyumbani nina matatizo na mume.

Matatizo na mume nilikuwa nayo, nani hana, lakini hayakai gotini.

Kufika wakati wa kuvuna pamba, paja langu la kulia lilikuwa limekonda, la kushoto liko vilevile. Nikivaa sketi niliyojishonea mwenyewe, upande mmoja unaning'inia. Nilianza kuchechemea, kisha nikawa natembea nimeshika ukuta. Wateja wakiniona wananiambia pole kwa ile sauti ya kumwambia mtu anayekwenda kufa, halafu wanaulizia nguo zao. Mume wangu, Shija, ni dereva wa lori, na msimu wa pamba haonekani nyumbani. Ndipo akaja wifi yangu Minza kuniuguza.

Niwe mkweli kwake. Minza alinipikia, alinifulia, aliniogesha nilipokuwa siwezi kuinama. Angekuwa mtu mbaya tu ningemchukia nikapumzika. Shida yake ni kwamba alikuwa na uhakika wa kila kitu, na uhakika wake wote aliutoa kwa kaka yake.

Huyo kaka ni shemeji yangu Masalu. Yeye na Minza ni watoto wa mke mkubwa wa marehemu baba mkwe. Shija ni mtoto pekee wa mke mdogo, na huyo mke mdogo ndiye mama mkwe wangu, bibi Ngolo. Alikuwa anaishi Lagangabilili kwenye mji wa marehemu mume wake, katika nyumba yake ya vyumba viwili yenye bati, na nyuma ya nyumba ana majaruba yake ya mpunga. Macho yake ni mekundu. Ukipikia miti ya pamba miaka yote ile, kwenye jiko lisilo na dirisha, na yako yatakuwa mekundu. Masalu alikuwa ameyataka yale majaruba tangu baba yake alipozikwa, na hilo kila mtu alilijua.

Minza na Masalu wakanipeleka kwa mganga. Nilikwenda. Usinicheke, mguu ukikuuma namna ile na daktari anakuuliza habari za ndoa, hata wewe utakwenda. Nililazwa kifudifudi kwenye mkeka, nikafunikwa shuka kichwani. Yule mzee akanichanja chale nyongani, akaweka pembe la kuumika, akavuta. Niliuma kanga nisipige kelele. Shuka ilipotolewa alikuwa ameshika msumari wa kutu, wa inchi sita, wenye damu yangu.

"Huu ni mmoja," akasema. "Ilitupwa miwili. Wa pili umezama, sitaufikia mpaka aliyetupa aondoke kwenye mji wa ukoo wenu. Ni mwanamke. Macho yake yameiva."

Hakutaja jina, na hakuhitaji. Masalu akaufunga ule msumari kwenye kitambaa cheusi, akautia mfukoni. Nikasema palepale kwamba huo ni uongo, kwamba msumari mkubwa vile ungetoka kwenye chale ndogo vile ningeuhisi. Masalu akaniambia nimelegezwa akili, kwamba aliyelogwa ndiye wa mwisho kujua.

Wiki ileile wakaezua nyumba ya mama mkwe. Bati zote walizishusha, wakazipanga ukutani kwa Masalu, wakamwambia asirudi mpaka msumari wa pili utoke. Masalu akaongeza neno mbele ya majirani: "Kabula akifa na huo msumari ndani yake, hatutaishia kwenye bati." Sisi wa huku tunajua sentensi kama hiyo inaishia wapi. Wapo mabibi wenye macho mekundu waliokutwa asubuhi mashambani kwao, na hakuna aliyeona kitu.

Kwa hiyo ukisoma kuhusu mguu wangu hapa, usidhani nilikuwa nahangaikia mguu tu. Mguu ungeniua, ningekufa na mtu mwingine.

Alikuja kwangu. Angekwenda wapi, Shija ndiye mtoto wake pekee, na nyumba ya Shija ndiyo yangu. Alifika mchana wa jua kali na kifurushi kimoja na chungu chake cha ugali kichwani. Akasimama nje ya mlango, hakuthubutu kuingia.

"Mwadila, ng'wanone," akanisalimu kwa Kisukuma, akiniita mwanawe. "Wanasema nimekutupia misumari."

"Nimesikia, mayu," nikajibu, nikimwita mama. "Ingia."

"Na wewe unasemaje?"

"Nasema jua ni kali. Ingia ndani."

Minza alitoka jikoni akamwona, akarudi jikoni, akafunga mlango. Kuanzia siku hiyo nyumba yangu ilikuwa na majiko mawili. Minza hakula alichopika mama mkwe, na hakuniruhusu mimi nile. Nikila kwa siri ananinusa mikono. Nilikuwa mgonjwa kwenye nyumba yangu mwenyewe na nalindwa dhidi ya mtu pekee aliyenifurahisha.

Shija akarudi na lori lake, akakuta mama yake amekaa uani na nyumba yake Lagangabilili haina paa. Nikangoja aseme kitu. Akaomba chai.

"Mama yako ameezuliwa nyumba," nikamwambia. "Unataka chai ya aina gani?"

"Masalu ni kaka mkubwa. Nitaongea naye msimu ukiisha."

"Na mimi nisipofika mwisho wa msimu?"

Alikunywa chai akaondoka. Nilitupa kikombe nyuma yake kikampiga mgongoni. Hilo sijalijutia mpaka leo.

Rehema yangu ya kwanza ilikuwa daktari mpya pale Bariadi, kijana mwembamba aliyekuwa na tabia ya ajabu ya kumgusa mgonjwa. Alinilaza, akakunja mguu wangu, akauzungusha polepole kwa ndani. Nilipiga yowe mpaka waliokuwa nje wakachungulia.

"Goti lako halina kosa, mama," akasema. "Ni nyonga. Maumivu ya nyonga huwa yanasikika gotini. Hujawahi kupigwa picha ya nyonga?"

 Kuanzia palizi mpaka mavuno, na hakuna aliyewahi kunigusa juu ya goti isipokuwa mganga. Akaandika barua, akaniambia niende Mwanza nikapigwe MRI, kwamba picha ya kawaida huweza isionyeshe kinachoanza ndani ya mfupa. Akasema nisikawie.

Asubuhi ya safari mama mkwe alinifungia michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, aliyoichemsha mwenyewe, ya moto, kwenye kitambaa safi. Tulikaa kwenye basi mimi na Minza, mimi nimekalia tako moja. Kabla hatujafika Lamadi, Minza alichukua kile kifurushi kwenye mapaja yangu akakitupa dirishani. Sikuwa na nguvu ya kumpiga. Nilitazama nje mashamba ya pamba yaliyokwisha kuvunwa, nikawaza kwamba nikipona mguu huu nitaanza na yeye.

Chumba cha kungojea MRI kina baridi. Wanasema mashine inataka baridi. Wagonjwa wanataka nini hakuna anayeuliza. Tulikuwa tumekaa kwenye viti vya chuma, kila mmoja ana bahasha yake mapajani. Baba mmoja wa mgongo alikuwa amelala sakafuni kwa sababu hawezi kukaa. Mlinzi akamwambia ainuke, anazuia njia. Wote tulimzomea yule mlinzi, na huo ndio wakati pekee chumba kile kilipokuwa na uhai.

Nikaitwa. Dada wa mionzi alikuwa na mafua, anaongea puani, lakini aliuliza vizuri.

"Una chuma chochote mwilini? Umewahi kufanyiwa upasuaji, kuwekewa vyuma, kupigwa risasi?"

Nikafungua mdomo. Minza akawahi.

"Kipo. Msumari. Nyonga ya kulia."

Dada akaacha kuandika. "Uliwekwa hospitali gani?"

"Haukuwekwa hospitali. Alitupiwa."

"Alitupiwa na nani?"

"Sisi tunamjua."

"Hakuna msumari," nikasema. "Dada, usimsikilize, hakuna msumari."

Yule dada akaniomba nisogeze kanga. Akaona chale, bado zina wekundu, na pale pembe lilipovutia pana kovu kubwa kuliko mengine.

"Hapa palikatwa. Alikata nani?"

"Mganga."

"Ulikuwa unaona anachofanya?"

Nilitaka kumwambia ndiyo. Lakini nilikuwa kifudifudi na shuka kichwani, na yule mzee alikuwa na mkono mmoja kwenye pembe na mwingine sijui wapi. Kutupiwa sikuamini. Kuachiwa kitu na mtu tapeli mwenye wembe, hilo ningekataa vipi?

"Sikuona," nikasema.

"Basi leo huingii. Hii mashine ni sumaku, mama. Ukiwa na msumari itauvuta, na msumari hautachagua njia ya kutokea. Nenda kapige picha ya kawaida kwanza. Orodha ya leo imejaa, utarudi wiki ijayo."

Akaita jina lingine. Nilimgeukia Minza palepale mbele ya watu, nikamwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika, mengine kwa Kisukuma kwa sababu Kiswahili hakikutosha. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungekufa mle ndani," akasema. "Nimekuokoa."

Na ubaya wake ni kwamba aliamini kweli. Alikuwa anaogopa kunipoteza. Watu walionitesa sana katika ugonjwa huu ni wale walionipenda, wakanipenda bila kuniuliza.

Picha ya kawaida ikapigwa. Kijana aliyeitoa akaisimamisha kwenye mwanga. Hakuna msumari. Hakuna hata kipande cha wembe. Kulikuwa na ukungu kidogo pale mfupa wa paja unapoingia kwenye nyonga, akasema wataalamu wataangalia. Mimi nilikuwa namwangalia Minza. Aliitazama ile picha kwa karibu, akageuza kichwa huku na huku, kisha akampigia kaka yake, simu iko wazi ili na mimi nisikie.

"Kaka, picha imetoka. Msumari hauonekani."

"Wa kutupiwa hauwezi kuonekana kwenye picha," Masalu akasema. "Mganga alishasema umezama."

Minza akauma mdomo wa chini. Nilijua anafikiri.

"Lakini kaka, ule wa kwanza tuliuona kwa macho. Ulikuwa chuma. Na huku wana mashine ya sumaku. Wamesema inavuta kila chuma."

"Hata kilichotupwa?"

"Chuma ni chuma."



"Haya," Masalu akasema. "Mwacheni aingie humo. Ukitoka, tutakuwa tumemaliza maneno na yule mama. Usipotoka, bati zake nitazirudisha kwa mikono yangu."

Hivyo ndivyo kipimo changu kilivyogeuka kuwa kesi. Mimi mwenye nyonga sikuulizwa. Mama mkwe alikuwa Bariadi amekaa uani kwangu, hajui kwamba uhai wake umewekwa ndani ya mashine ambayo hajawahi kuiona. Tulikaa kwa ndugu wa Shija wiki nzima tukingoja zamu, na wiki nzima sikumsemesha Minza zaidi ya nipe maji na nisaidie kwenda chooni.

Siku ilipofika, dada wa mionzi mafua yamemwisha. Akaniambia nivue kila kitu chenye chuma: hereni, bangili, sidiria yenye ndoano. Akapitisha mkono kwenye pindo la gauni langu la ndani akasema "aa!" Kulikuwa na pini. Sisi mafundi nguo tunachomeka pini mwilini kwetu bila kufikiri, kifuani, kwenye pindo, kwenye kilemba. Akazitoa moja moja akaziweka kwenye sahani. Ikawa chuma chote nilichokuwa nacho ni cha kazini kwangu. Akanipa gauni la hospitali, akaniziba masikio, akanipa kipira cha mpira mkononi.

"Ukizidiwa, bana. Vinginevyo usitikisike."

Nilivyosukumwa mle ndani, dari ilikuwa karibu na pua yangu. Halafu ikaanza kugonga. Wewe utakayeingia usiambiwe kwamba ni sauti tu. Ni mtu anapigilia bati juu ya kichwa chako na humwoni. Inanyamaza, unadhani imeisha, inaanza upya kwa mlio mwingine. Nilikuwa nimeiona picha. Nilijua hakuna msumari. Lakini mwili una akili yake, na wangu uliusubiri. Kila mashine ilipogonga nilihisi nyonga inapata joto, nikasema sasa, sasa unatoka, na mama mkwe anakufa. Nilikuwa nimeshika kile kipira. Nikikibana wataniambia sikumaliza, na Masalu atasema sumaku iliogopwa. Sikukibana. Nililia bila kutikisika, machozi yakaingia masikioni juu ya vile vizibo, na nikawatukana wote kimoyomoyo kwa majina yao, mmoja mmoja, na nilipowamaliza nikaanza upya.

Mashine ikanyamaza. Nikatolewa nje. Mguu ulikuwa pale, ngozi yake nzima.

Minza alikuwa mlangoni, ameshika fremu kwa mikono miwili. Hakunitazama usoni. Aliangalia sakafuni chini ya kitanda, akaangalia ndani ya lile tundu nilikotoka, akarudi sakafuni.

"Kimetoka kitu?" akamuuliza yule dada.

"Ametoka mgonjwa wako. Msaidie avae."

Akanivalisha. Alikosea vifungo vyote. Tulipofika nje kwenye jua, alikaa chini ukingoni mwa maua akajifunika uso na kanga yake. Sikumbembeleza. Nilikuwa na njaa, na nikamkumbusha ile michembe.

Majibu yalitoka: kiungo cha nyonga kilikuwa kinaliwa, na ndani yake kuna maji mabaya. Wakanichoma sindano ndefu wakayavuta, wakayapima. Kifua kikuu cha mfupa. Nikasema mimi sikohoi, sijawahi kukohoa. Daktari akasema hakijali, kinaweza kukaa popote. Akasema kama ningechelewa zaidi nyonga ingekwisha kabisa. Ndiyo maana nakuambia wewe unayeambiwa goti lako zima na huku linauma: sema waangalie juu yake. Sema kwa sauti. Wakikuona una kiburi, sawa, kiburi hakijawahi kumchechemesha mtu.

Nilianza dawa mwisho wa kiangazi. Mkojo ulikuwa mwekundu kama soda ya chungwa, na jasho likatia rangi kanga zangu nyeupe. Nilitapika. Viungo viliuma kuliko mwanzo. Nilikatazwa kukanyagia mguu, nikapewa magongo. Kliniki ya vidonge ina benchi lake la peke yake nyuma ya jengo, na watu wakipita huziba pua. Tulizoea. Muuguzi mmoja alikuwa ananiwekea kiti chenye mto, hakuwahi kusema chochote juu yake, nikifika nakikuta.

Minza alirudi kwao Lagangabilili bila kuaga vizuri. Nikabaki na mama mkwe, tukarudia jiko moja.

Kazi sikuweza, mguu wa kulia ulikuwa wa kupumzika na wa kushoto haukujua cherehani. Siku moja nimekaa kibarazani natazama vitambaa vya watu vinavyopata vumbi, bibi Ngolo akavuta kigoda akakaa ubavuni mwangu. Akavua kandambili, akaweka mguu wake kwenye pedeli.

"Wewe shika nguo," akasema. "Mimi nitakanyaga. Niambie tu twende na simama."

Mwanzoni tuliharibu kanzu ya mtu. Alikuwa anakanyaga kwa nguvu kana kwamba anaponda udongo wa nyumba. Kisha tukaelewana. Twende, mayu. Simama. Twende. Wengine walikuja kutazama tu. Wengine walikuja kuchukua vitambaa vyao, hawataki nguo iliyokanyagwa na mchawi, na mama mkwe aliwakunjia yeye mwenyewe, vizuri, akawapa kwa mikono miwili. Ningeweza kuwarushia mkasi.

Mvua za kwanza zilipoanza, kabla ya kupanda, Masalu aliita kikao cha ukoo Lagangabilili. Sasa nilikuwa naweza kusafiri. Shija alitupeleka na lori, mimi na mama yake mbele. Tukakaa uani kwa Masalu, mbele ya ile nyumba isiyo na paa. Mvua ilikuwa imeshaanza kuzibomoa kuta zake.

Masalu akamwambia dada yake aseme. Minza akasimama. Alikuwa amekonda.

"Nilikuwepo," akasema. "Mashine ni kubwa kuliko hili jiko. Ni sumaku tupu. Walimvua mpaka pini za nguo, wakasema hata pini itaruka. Akaingia, ikagonga sana. Mimi nilisimama mlangoni mpaka mwisho. Hakikutoka kitu." Akanitazama. "Hakikuwepo kitu. Na dawa za hospitali zinamponya, mnamwona."

Wazee wakaguna kwa kuridhika. Wapo waliopiga makofi. Masalu akasimama, akatoa kile kitambaa cheusi mfukoni, akauweka ule msumari chini mbele ya mama mkwe, kwa heshima, nadhani aliona anafanya jambo kubwa.

"Mayu, sumaku imekusafisha. Bati zako zile pale. Rudi kwenye mji wako."

Nilimtazama mama mkwe nikitegemea machozi. Aliinama kidogo, akautazama ule msumari.

"Wabeja," akashukuru. "Na kama ungetoka?"

Waliopiga makofi wakashusha mikono.

"Nauliza. Huyu mtoto aliingia kwenye mashine Mwanza, mimi nikiwa Bariadi nachambua mchele. Kama kungetoka chuma pale, cha mganga, cha cherehani, chochote, mngekuja kunichukua. Masalu, ungekuja wewe, au ungemtuma mtu?"

Masalu alikuwa ameangalia miguu yake. Mimi hasira yangu yote ya mwaka mzima, na mdomo wangu wote huu, sikuwa nimewahi kuuliza swali hilo. Akamgeukia mwanaye.

"Na wewe, Shija? Ungekuwa unaendesha lori?"

Shija akafunika uso. Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilimwona akilia, na nitakuwa mwongo nikisema nilimwonea huruma siku ile.

Bibi Ngolo akauokota msumari, akaufuta kwenye kanga yake, akasimama.

"Bati zangu pakieni kwenye lori," akasema. "Majaruba nitalima, nitakuja asubuhi na kurudi jioni. Kulala kwenu, hapana."

Walizipakia. Masalu alizibeba mwenyewe, kama alivyoahidi kwenye simu, na hakuna aliyemsaidia. Ziko juu ya jiko letu hapa Bariadi, jiko lenye madirisha mawili ambalo Shija alilijenga kwa mikono yake msimu ule, bila kuambiwa.

Dawa nilizimaliza baada ya mavuno mengine ya pamba. Mguu wa kulia umebaki mfupi kidogo, nachechemea, na cherehani nakanyaga mwenyewe. Minza hutuletea mchele mara mojamoja. Anakula tunachopika. Hatujasameheana, ila tunakula.

Siku niliporudi kutoka kliniki na kuambiwa magongo basi, niliyaegemeza ukutani sebuleni. Mama mkwe akasema yataanguka yamwumize mtu. Akaenda chumbani kwake akarudi na ule msumari wa inchi sita na jiwe la kusagia. Akapiga mara chache tu, mkono wake bado una nguvu, ukaingia ukutani ukabaki kipande cha kutundikia. Akaujaribu kwa kuning'iniza uzito wake.

"Huu sasa," akasema, "ndio nimeutupa mimi."

Tulicheka mpaka nikashika nyonga. Magongo yako pale mpaka leo, na bahasha ya picha za MRI nimeichomeka nyuma yake.